Maswali ya Bibi Mbele ya Deki

Jumapili iliyopita mvua ilitufungia ndani hapa Moshono tangu tulipotoka kanisani. Binti yangu yuko likizo, na alipochoka kutazama simu akaweka filamu kwenye televisheni, zile za watu kuwindana na kuviziana. Nikakaa naye nikichambua mchicha. Haikupita nusu saa akaisimamisha kwa hasira. Mwanamke wa kwenye filamu alikuwa peke yake nyumbani, amesikia mlango wa nyuma ukifunguka, na badala ya kutoka nje akimbie, akapanda ngazi kwenda juu.

"Mama, hakuna mtu anayeweza kufanya hivyo," binti yangu akasema. "Hakuna."

Nilicheka, halafu nikajikuta nimeshika fungu la mchicha mkononi wala sichambui tena. Maneno yale niliwahi kuyasikia mara nyingi sana, kwa sauti nyingine, mahali pa baridi kuliko hapa. Kama una nafasi, rafiki yangu, kaa nikusimulie.

Mimi utoto wangu mwingi sikuupitishia mjini. Mama alikuwa fundi cherehani Elerai, anaishi chumba kimoja cha kupanga, na nilipoingia darasa la tatu aliona ni heri nikakae kwa bibi, mama yake mzazi, juu kidogo ya Olmotonyi, pale mashamba yanapoishia na msitu wa kupandwa unapoanzia. Nyumba ya bibi ilikuwa ya mbao na bati. Migomba iliizunguka pande zote, chini ya migomba kulikuwa na kahawa, na nyuma palikuwa na banda la ng'ombe wawili ambao bibi alizungumza nao zaidi kuliko alivyozungumza na wakwe zake. Mwezi wa sita na wa saba ukungu ulishuka mpaka uani. Mlima tulioishi ubavuni mwake unaweza kukaa wiki nzima hujauona, ila miguu yako ikishika umande asubuhi unajua upo.

Kazi hazikuisha. Asubuhi nilikata majani ya ng'ombe kabla ya shule, jioni nikachota maji kwenye mfereji, na msimu wa kahawa tulizungusha mashine ya mkono ya kumenya mpaka mabega yakauma. Harufu ya yale maganda yanayochacha ninaijua mpaka leo. Wengine hawaipendi. Mimi ikinipitia puani ninahisi njaa, kwa sababu siku za kumenya kahawa bibi alipika loshoro, mahindi yaliyoiva vizuri yakapondwa na maziwa ya mgando, na alinipakulia kama mtu mzima.

Umeme haukuwa umefika huko. Lakini jirani yetu wa upande wa chini, mzee aliyestaafu udereva wa malori ya mbao, alikuwa na televisheni na deki, na betri ya lori ya kuviendesha. Betri ile ilishushwa kwa toroli mpaka barabarani kwenda kuchajiwa, na wiki nzima ilisubiriwa kama mgonjwa anayerudi kutoka hospitali. Kanda aliletewa na rafiki yake wa mjini. Zote zilikuwa za aina moja. Bunduki, majasusi, muuaji asiyejulikana, bomu lililofichwa. Picha za mapenzi jirani hakutaka hata kuzisikia. Alisema mapenzi yapo kila nyumba, mtu akitaka kuyaona afungue macho.

Basi kila Jumapili baada ya ibada na chakula, watu wa kando ile walikusanyika sebuleni kwake. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, sisi watoto chini kabisa mbele, shingo zimeinuka. Wanawake walikuja na ndizi za kuchemsha na chupa za chai. Bibi aliwekewa kigoda katikati, karibu na kioo kuliko watu wazima wote, na hakuna aliyehoji kwa nini.

Kiingereza hakuna aliyekijua isipokuwa mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu wetu wa shule ya msingi, kijana mrefu, kola yake imepigwa pasi hata siku ya mapumziko. Alisimama kando ya televisheni akatafsiri. Mtu akipiga kelele kwenye picha, mwalimu naye alipaza sauti. Mtu akinong'ona, mwalimu alinong'ona, na sisi tukamsogelea. Tulimwamini kama tulivyomwamini mchungaji.

Aliyemsumbua alikuwa bibi yangu.

Bibi hakuweza kuangalia picha kimya. Akiona jambo ambalo haliingii akilini aliinua mkono, taratibu, kama mtu aliye kwenye kikao cha usharika, na jirani akasimamisha deki, kwa sababu bibi alikuwa mkubwa kwake. Aliuliza: huyu mwanamke nyumba yake ni kubwa hivi, mbona hana mbwa? Aliuliza: huyu jambazi amemfunga staringi kwenye kiti, bunduki anayo, haraka anayo, kwa nini amekaa anamweleza mipango yake yote tangu mwanzo? "Anatoa ushuhuda?" akauliza, na sebule nzima ikacheka. Siku ya bomu aliuliza kwa nini aliyelitega ameliweka saa kubwa yenye taa nyekundu. Anataka kuwasaidia wanaolitafuta? Na yule staringi aliyekimbizwa siku tatu mfululizo, analala wapi, anakula nini, na nani anamkamulia ng'ombe?

Mwalimu alijaribu kumjibu. Alisema wazungu wa mjini hawafugi. Bibi akauliza, hata kuku?

Gari la staringi likigoma kuwaka wakati muuaji anakaribia, hapo jirani ndiye aliyejibu, kwa uchungu wa mtu wa kazi. Alisema gari lile jipya haliwezi kugoma kwa sababu tu mtu ana hofu, na kama ni betri basi lingeanza kuonyesha dalili tangu asubuhi. Yeye na bibi walikubaliana sana kwenye mambo ya magari.

Lakini jambo lililomuudhi bibi kuliko yote halikuwa la magari wala la bunduki. Ni pale mtu anapokuwa na siri inayoweza kuwaua wote, na hamwambii mkewe. Picha nyingi zilikuwa hivyo. Mume anatafutwa na watu wabaya, anarudi nyumbani amechafuka, mke anauliza kuna nini, mume anasema hakuna kitu, anakwenda kuoga. Bibi alishika kichwa. "Angemwambia tu," alisema, "picha ingeisha sasa hivi, na sisi tungekwenda kukamua."

Maneno hayo yakawa msemo wa kando ile. Mtu akizungukazunguka kwenye mazungumzo, waliambiana mwambie tu, tukakamue.

Picha zenyewe mara nyingi hatukuziona mwisho. Betri ilichoka, picha ikaanza kusinyaa kutoka pembeni, watu wakawa wembamba kama mabua, halafu giza. Hapo mwalimu alitusimulia ilivyoisha. Kila mara staringi alishinda, na mara nyingi alirudi kanisani. Sikuwahi kujiuliza mwalimu ameyajulia wapi.

Sasa nikuambie nililoligundua, na namna nilivyoligundua.

Nilikuwa darasa la nne. Siku moja kwenye picha kulikuwa na mwanamke aliyetekwa, na wakati mtekaji amegeuka, alichukua kisu cha mezani akakificha kwenye mkono wa gauni lake. Sisi watoto tuliguna wote kwa furaha. Baadaye alipokitoa na kukata kamba, bibi akainua mkono. Akauliza kisu kimetoka wapi. Watu wakacheka kama kawaida, wakidhani ameanza, na mwalimu akasema, bibi, si alikificha? Bibi akasema, ah, kweli. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na magoti yake. Nikainua uso kumtazama, nikaona anakodoa macho kwenye kioo kama mtu anayetazama jua.

Kuanzia hapo nikawa ninamwangalia yeye badala ya picha. Niliona maswali yake ni ya aina mbili. Yapo yale ya mbwa na ushuhuda, ambayo yalikuwa na akili, na watu walikuwa na haki ya kuyacheka. Na yapo mengine yaliyoongezeka kila Jumapili. Huyu ni nani tena? Wamefikaje nje? Mbona amekufa, nani amempiga? Hayo majibu yake yalikuwa wazi kwenye kioo, hata mtoto mdogo aliyaona. Watu waliyacheka yote sawasawa. Sifa yake ya kukosoa ilikuwa imeshakuwa kubwa, na yeye alijificha humo.

Nyumbani nikaanza kuona mambo niliyokuwa nikiyapita tu. Alipomimina chai alichovya kidole ukingoni mwa kikombe. Kuchambua kahawa mbaya kwenye kichanja alikuwa ameniachia mimi, akisema macho ya mtoto hayana kazi nyingine. Mtu akipita njiani akamsalimu kwa mkono, hakuitikia. Akimwamkia kwa sauti, aliitikia marahaba na jina lake juu.

Kisha ikaja Jumapili ya mavuno kanisani. Tulisimama kuimba, bibi amefungua kitabu chake cha nyimbo, anaimba beti zote bila kukosea, kichwa ameinamisha juu ya kitabu. Kitabu alikuwa amekishika juu chini. Nilinyoosha mkono nikakigeuza polepole. Hakuacha kuimba. Alimaliza wimbo, tukakaa, na mahubiri yote alinishika mkono.

Njiani kurudi, watu walipotuacha nyuma, akaniambia kwamba macho yake yameingia ukungu, na ukungu huo haurudi nyuma. Alikuwa akiujua. Mama yake mzazi uliwahi kumpata. Akaniambia, "Usimwambie mama yako."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu nimekuomba."

Nilikuwa na miaka kumi, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba kitu. Nikasema ndiyo, bibi.

Tukaishi hivyo zaidi ya mwaka. Tulikuwa na utaratibu wetu. Nilivaa sweta yangu ya njano kila tulipotoka, hata jua likiwaka, na nilitangulia mbele yake hatua mbili tatu, nikiongea. Watu walisema mjukuu huyu ana maneno mengi. Kumbe nilikuwa nikimwambia njia: hapa pana utelezi, hapa wamefunga mbuzi, huyu anayekuja ni mke wa mzee wa kanisa. Kwenye picha nilijifanya nampenda sana bibi, nikamwegemea na kumnong'oneza yanayotokea. Maswali ya aina ya pili yakapungua. Mwalimu akasema siku hizi bibi anaanza kuelewa sinema.

Mama alipopanda kutusalimia, tulimdanganya sote wawili. Bibi aliweka kila kitu mahali pake, akatembea nyumbani kwake bila kugusa ukuta. Mama alileta kitambaa cha gauni, akauliza rangi yake anaionaje. Nyuma ya mama nilitamka neno bluu kwa midomo, kisha nikakumbuka kwamba bibi haoni midomo. Bibi akapapasa kitambaa akasema, wewe umewahi kunichagulia kibaya?

Ajabu ni kwamba Jumapili zile zile aliendelea kukasirishwa na waume wa kwenye picha wasiosema. Sidhani alijiona. Mimi pia sikumwona. Nilikuwa nikicheka pamoja na wengine.

Mwaka ule mvua za masika zilikuwa kubwa, mfereji ukajaa ukalichukua gogo tulilovukia kati ya kwa jirani na kwetu. Vijana wakaweka jingine, hatua kadhaa juu zaidi, penye kingo ngumu. Nilimpitisha bibi hapo siku kadhaa, sweta mbele, maneno yakitoka. Njia ya zamani bado ilionekana, imekanyagwa na miguu ya miaka mingi.

Jumapili moja tulikuwa tukiangalia picha ya mtu aliyeona mauaji kwa bahati mbaya, na wauaji wamejua nyumba yake. Ana mke na mtoto. Anabadilisha makufuli, anaficha gari, anakaa dirishani, na mke anamuuliza kuna nini, naye anasema amechoka na kazi. Saa ya kukamua ikafika. Bibi akasimama, akanigusa bega. Lakini betri siku ile ilikuwa imara, picha inang'aa, na kwa mara ya kwanza ilionekana tutafika mwisho kwa macho yetu wenyewe. Nilitaka kujua kama yule mtu atamwambia mkewe. Nikasema, "Nakuja, bibi, bado kidogo tu."

"Maliza," akasema. Akajifunga khanga, akaaga watu, akatoka. Alitembea vizuri mpaka mlangoni, maana pale pia alikuwa amepakariri.

Nilibaki labda nusu saa. Picha iliisha. Nilitoka mbio nimefurahi, nikifikiria namna nitakavyomsimulia, na nilipofika kwenye mfereji nikaona khanga imenasa kwenye majani chini ya mahali lilipokuwa gogo la zamani. Bibi alikuwa amekaa ndani ya maji, yamemfika kiunoni, mgongo ameegemeza ukingoni, mkono wa kushoto ameukumbatia kwa wa kulia. Hakuwa akilia. Midomo ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi.

Niliingia majini na viatu vyangu vya kanisani. Nikamuuliza kwa nini hakuita.

"Niliita," akasema. "Ninyi mlikuwa kwenye bunduki."

Nikapiga kelele mpaka koo likakauka, nikasikia kule kwa jirani mlango unafunguka na watu wanakimbia. Wakati tunawangoja nilimvua kilemba kilicholowa nikamfunga sweta yangu kichwani. Nilikuwa nikitetemeka kuliko yeye. Nadhani alilisikia hilo, kwa sababu aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tuko jikoni, "Haya. Alimwambia mkewe?"

"Hakumwambia, bibi."

"Nilijua," akasema.

Jirani na mwalimu ndio waliomtoa. Mkono ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Walimshusha hospitali usiku ule ule, na kesho yake alirudishwa akiwa na hogo, plasta ngumu, kutoka begani, na mama alikuwa pamoja naye, amekuja na nguo za kazini, sindano zimechomekwa kwenye kifua cha blauzi. Daktari aliyemfunga mkono alimmulika pia macho. Mama alikuwa anajua kila kitu.

Alinikalisha mezani. Hakupaza sauti, mama hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliniuliza kama nilijua. Nikatikisa kichwa kukubali. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia tangu mavuno ya mwaka juzi kanisani. Akaanza kuhesabu mara alizokuja, vikombe alivyokunywa akiwa amekaa kati yetu. Kisha akaniuliza, mtoto mwenye akili kama mimi ilikuwaje nisiseme.

Bibi akaongea kutoka kitandani. "Mtoto alishika neno langu. Niulize mimi."

"Nakuuliza basi, mama. Kwa nini hukuniambia?"

Nje ng'ombe walikuwa wakilia kwa kuchelewa kukamuliwa.

"Ningekuambia, ungenichukua," akasema.

Mama hakukataa. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Angeweza kusema hapana mama, nisingekuchukua, lakini hakusema, kwa sababu angemchukua kweli, siku hiyo hiyo, akamweke kwenye kile chumba cha Elerai chenye ua wa saruji, na ng'ombe wangeuzwa. Bibi akaendelea taratibu. Akasema mama yake alipopofuka waliweka kigoda chake pembeni ya moto, wakampa chakula vizuri, hakupigwa wala hakutukanwa, lakini hakuna mtu aliyemuuliza kitu tena mpaka alipokufa. Akasema yeye hakuogopa giza. Aliogopa kile kigoda.

Mama alisimama akatoka nje na nguo zake za mjini. Nilimchungulia dirishani. Alichukua ndoo akaenda kukamua, na alikamua ng'ombe wote wawili, kazi ambayo hakuwa ameifanya tangu aolewe. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna aliyezungumzia habari ya kuhama. Aliweka maziwa jikoni akasema tu kwamba daktari amesema ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho huondolewa. Watu hulala na kuamka wanaona.

Bibi alidhani anapozwa tu. Alimtaka arudie.

Fikiria jambo hilo, rafiki yangu. Miaka yote ile alikuwa akijizoesha upofu, na mimi nikijizoesha kuwa macho yake, na dawa ilikuwa mjini, safari isiyofika saa moja. Angemwambia mtu mmoja tu. Ingekuwa ni picha, bibi yangu mwenyewe angekuwa wa kwanza kuinua mkono.

Mwalimu alikuja kumjulia hali jioni ile, akamwamkia shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa benchi bila kuegemea. Alisema mambo ya huzuni, kwamba yeye ndiye aliyeyasikia maswali yake kila wiki, na alidhani bibi anamtania. Bibi akamwambia mengi yalikuwa utani. Akamwambia na yule jambazi wa ushuhuda bado hajamsamehe.

Walimfanyia jicho la kulia mkono ulipopona, na mama alifunga kazi wiki nzima ili awe naye. Nilikuwepo siku alipofunguliwa bandeji. Alimtazama mama kwanza, muda mrefu, akamwambia amekonda. Halafu akanitazama mimi, akacheka, akasema kumbe nimeota meno makubwa namna hii na hakuna aliyemwambia.

Tulirudi kwa jirani Jumapili ya kwanza alipoweza kupanda na kushuka. Sebule ilijaa kuliko siku zote. Bibi akakaa kwenye kigoda chake, deki ikawashwa, mwalimu akaanza kutafsiri, na watu wakawa wanamsikiliza bibi zaidi kuliko mwalimu. Hakuinua mkono. Mwanamke wa kwenye picha alikwenda peke yake kwenye nyumba ya mashua, akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Bibi kimya. Staringi akaangusha bunduki yake karibu na jambazi asiyekufa vizuri. Bibi kimya. Jirani akaanza kuwa na wasiwasi, akamuuliza kama jicho linamuuma.

"Haliumi," akasema. "Nawaangalia."

Kisha akamgeukia mwalimu. Akamuuliza kwa upole kwa nini amesema wale wawili ni kaka na dada. Mwalimu akasema ndivyo walivyosema. Bibi akasema haiwezekani, yule mwanamume anavyomtazama yule mwanamke akiwa amegeuka, huyo si kaka wa mtu. Na pale nyuma, mwalimu ametafsiri maneno marefu ya mama wa staringi, na yule mama hakufungua kinywa.

Watu wote wakamtazama mwalimu. Akaweka mikono mfukoni, akaitoa. Alisema wale watu wanaongea haraka sana. Alisema anashika nusu, labda pungufu kidogo, na nusu nyingine humalizia mwenyewe, asituangushe. Hakuna aliyekasirika. Jirani alicheka mpaka akajifuta machozi, na bibi akasema basi kumbe makosa mengine yalikuwa ya nyumbani, wazungu wa watu tumewaonea bure. Tangu siku hiyo walikuwa wakisaidiana. Mwalimu alitoa nusu ya maneno, bibi akatoa nusu ya nyuso.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, nyumbani kwake, akikamua ng'ombe wake. Jicho la pili alikataa lisiguswe, akasema moja linamtosha kwa yaliyopo.

Mimi tangu utoto ule siwezi kumcheka kwa raha mtu wa kwenye filamu anayepanda ngazi wakati mlango wa nje uko wazi. Binti yangu anasema hakuna mtu anayeweza kufanya hivyo. Mimi namjua mmoja, na mwingine alivaa sweta ya njano. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu zenyewe hazikuonekana kwa nje.

Mwezi wa kumi nilipanda Olmotonyi kwa maziko ya mzee mmoja wa usharika, na baada ya chakula nikatembea peke yangu. Kahawa ya bibi imeng'olewa, wameweka parachichi. Mfereji umekauka, maji siku hizi yanapita kwenye mabomba. Mwalimu alihamishiwa mbali, na jirani alikufa kabla nguzo za umeme hazijafika kwake. Nyumba yake imejengwa upya kwa matofali. Mke wa mjukuu wake alinikaribisha kwa heshima, akanipa maji. Yeye hakunijua, nami sikujieleza sana.

Alikuwa uani anafua. Ndani, sebuleni, televisheni pana kama meza ilikuwa inaonyesha filamu, watu wanakimbizana paani, sauti juu, na kwenye makochi hapakuwa na mtu. Nikamuuliza nani anaangalia.

"Hakuna, dada," akasema, akikamua shuka. "Inajiendea tu."

Nilisimama mlangoni na glasi ya maji mkononi. Mtu mmoja alijificha ndani ya chumba kisicho na mlango mwingine, na aliyekuwa akimfukuza akapita bila kuchungulia. Filamu ikaendelea, hakuna aliyeisimamisha.